Mwalimu wa hesabu akitaka masta ya kompyuta agonge mlango upi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mi ni mwalimu wa hesabu sekondari huku Bahi, mwaka wa nane sasa, na kinachonisukuma kuandika ni masta ya hesabu na kompyuta ambayo nimeihangaikia mpaka nimechoka.

Shuleni tuna laptopu moja ya ofisi, baada ya vipindi huwa nawaonyesha watoto wa kidato cha tatu programu ndogondogo za Python, lugha ya kuandikia programu. Siku moja binti mmoja akaandika 0.1 + 0.2, jibu likaja 0.30000000000000004. Akanigeukia, "Mwalimu, imekosea kompyuta au tumekosea sisi?" Nikawaambia andikeni theluthi moja kwa desimali, wakaandika 0.333 mpaka mikono ikachoka, nikasema basi kompyuta nayo inahesabu kwa sifuri na moja tu, kwake sehemu moja ya kumi haiishi kama theluthi isivyoisha kwetu, inabidi ikate mahali. Wakaelewa kabisa. Ila waliponiuliza hivo vipande vinavyokatwa vikijirundika inakuwaje nikakwama, maana digrii yangu ilinipa hesabu na ualimu, huko haikufika.

Usiku nikasoma mwenyewe kwenye simu. Kumbe tarehe 25 Februari 1991 kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa Wamarekani ulishindwa kuzuia kombora wakafa wanajeshi 28, na chanzo ni hiyohiyo sehemu moja ya kumi! Saa ya mtambo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde zilizokatwa kwenye biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja, ulikuwa umewashwa kama masaa 100 mfululizo, kosa likafika sekunde 0.34, na kwa muda huo kombora limeshakata zaidi ya nusu kilomita. Sasa hiyo ni hesabu au ni kompyuta?

Nikaomba chuo kimoja. Idara ya kompyuta wakasema digrii yako ni ya ualimu, msingi huna. Nikaenda idara ya hesabu, wakanikaribisha vizuri tu ila kuandika programu wakasema siyo kwao, alafu vipindi ni mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mhariri, mchana mimi nina mikondo minne na mwalimu mwingine wa hesabu hatuna, nikiomba ruhusa ya miaka miwili mkuu wangu atamsimamisha nani ubaoni? Yeye mwenyewe anataka nikasome, ila akiangalia ratiba ananyamaza.

Ninachoomba kwa vyuo vyetu ni masta moja inayochanganya haya mawili kwa kweli siyo kwa jina. Semista ya kwanza watupe msingi wa programu sisi tuliotoka ualimu, alafu twende kwenye algorithimu (hatua ambazo kompyuta inafuata kutatua tatizo), hayo makosa ya kukadiria, na namba tasa zinazolinda siri za miamala. Vipindi viwe Ijumaa jioni na Jumamosi, kutoka Bahi kuja mjini ni gari moja tu. Ada nitalipa kwa awamu, nimeshaanza kutunza.

Wahusika wakiisoma barua hii waniambie tu vyeti nivipeleke idara ipi, Jumamosi yoyote nitakuja.

Mwalimu wa hesabu,
Bahi, Dodoma