Wageni wa Jumamosi

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi saa tisa alasiri tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wetu wa mezani wa kusimulia hadithi kwa dadu, pale Nkuhungu kama kawaida, ila tutakuwa na wageni watatu. Hakuna aliyewahi kushika dadu ya pande 20, kwa hiyo msiwabwagie kitabu cha kanuni.

Mmoja kaletwa na tamthilia ya Stranger Things, wale watoto wanaocheza Dungeons & Dragons. Mwambieni tu mchezo upo tangu 1974 na hauhitaji umeme (mtaani kwetu hiyo ni sifa kubwa). Wa pili amezama kwenye Baldur's Gate 3, mchezo wa video. Kanuni zake zimetokana na toleo la tano la mchezo huuhuu, hivyo mahesabu ya dadu anayo. Kitakachomsumbua ni kwamba mezani hakuna majibu ya kuchagua kwenye skrini; anasema mwenyewe anachofanya, msimulizi anajibu. Mpeni muda. Wa tatu hana kingine ila hadithi za bibi yake wa Kondoa. Mimi namtegemea huyo kuliko wote.

Tafadhali, msiwatumie video za Critical Role, kile kipindi cha watu wanaocheza mchezo huu mbele ya kamera, sasa hivi. Wale ni waigizaji wa sauti kwa kazi, na kipindi kimoja ni saa tatu, nne. Mgeni ataona aibu kufungua mdomo.

Penseli mje nazo, na mawe ya kukandamizia karatasi. Upepo wa juzi mliuona.