Barua kutoka Toronto: pointi 108, halafu 6-1 mara mbili

Toronto, 6 Julai 2025

Ndugu yangu wa City Park, Nairobi,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Huku tu wazima. Unauliza imekuwaje Maple Leafs, timu yetu ya magongo ya barafuni hapa Toronto, iliyoongoza kundi lake, iliyokuwa mbele kwa mechi mbili bila dhidi ya mabingwa watetezi, Florida Panthers, ikafungwa 6-1 nyumbani kwake mara mbili ndani ya siku tano. Hapa mjini utaambiwa wachezaji hawana moyo. Jibu hilo silikubali, kwa sababu halielezi kitu. Wewe umecheza mpira wa magongo wa nyasi miaka mingi, kwa hiyo nitakupa jibu refu.

Kwanza msimu wenyewe, uone ni timu ya aina gani. Mechi ni 82. Ushindi ni pointi 2, na ukifungwa baada ya dakika 60, katika muda wa ziada au kwa penalti, unapata 1. Toronto walishinda 52, wakafungwa 26, na 4 wakazipoteza baada ya muda: ndizo pointi 108. Mitchell Marner alifunga 27 na kutoa pasi za mabao 75. William Nylander alifunga 45, John Tavares 38. Auston Matthews alishuka kutoka 69 msimu uliotangulia hadi 33 katika mechi 67, na hilo lilipaswa kututisha mapema. Langoni, Anthony Stolarz alizuia asilimia 92.6 ya mashuti. Raundi ya kwanza ya mchujo waliwatoa Ottawa kwa mechi 4 kwa 2. Timu dhaifu haifanyi hayo.

Sasa hesabu ndogo inayoniuma kuliko zote. Dhidi ya Florida Panthers, raundi ya pili, katika mechi tatu za mwanzo Toronto walifunga mabao 13. Katika nne za mwisho walifunga 4. Mechi ya tatu, 9 Mei, walikuwa mbele 2-0, kisha 3-1, wakafungwa 5-4 katika muda wa ziada, bao la Brad Marchand. Baada ya hapo 2-0, 6-1, wakashinda moja 2-0, halafu 6-1 tena tarehe 18 Mei. Kwa hiyo usitafute sababu kwenye mioyo ya watu. Tafuta kilichobadilika katikati ya mfululizo huo.

Watu wengi wanaelekeza kidole kwa kipa. Ni kweli Stolarz alitoka mechi ya kwanza, baada ya mkono wa Sam Bennett kumpata kichwani mbele ya lango, na refa hakutoa adhabu. Nina uchungu na hilo hadi leo. Hakurudi kulinda lango tena katika mfululizo huo. Lakini Joseph Woll aliyeingia ndiye aliyefunga lango kabisa katika mechi ya sita, kule kwao Florida. Na kipa, awe nani, hafungi mabao. Mabao 4 katika mechi nne ni tatizo la mbele.

Kilichobadilika ni ukuta.

Uwanja wenu una mita 91 kwa 55, na mpira ukitoka mstarini mnaanza upya. Huu wa barafu una kama mita 61 kwa 26, na umezungushiwa ukuta. Paki, kile kisahani kigumu tunachotumia badala ya mpira, haitoki, inagonga na kurudi. Nyuma ya kila lango kuna nafasi ya mita tatu na kidogo, na pembe za uwanja zimepindwa. Ukiwa na timu nzito na yenye subira, huna haja ya kupenya katikati kwa pasi. Unavuka mstari wa kati, unaisukuma paki hadi pembeni kabisa, halafu unatuma watu waifuate. Beki wa Toronto anageuka kuifuata akiwa ameelekea ukutani, na mtu wa Florida anafika sekunde moja nyuma yake na kikumbo cha bega. Wa pili anaziba njia ya kupitisha paki ukutani. Wa tatu anakaa juu kidogo, akisubiri ile pasi ya haraka ya katikati. Na beki wa Florida, badala ya kurudi nyuma kama ungetarajia, anashuka kandokando ya ukuta kumkaba winga.

Mtazame huyo winga wa Toronto. Amesimama mgongo ukutani, paki inamfikia pamoja na mtu wa kilo 95. Ana njia tatu. Ya kwanza ni kumrudishia senta, yaani mshambuliaji wa kati, aliyeshuka chini kumsaidia. Hii ndiyo sahihi, lakini inataka senta awe amefika mapema, mita nne au tano tu kutoka kwake. Ya pili ni kuipokea paki, kuvumilia kikumbo na kuilinda kwa mwili hadi msaada ufike. Ya tatu ni kuipiga juu kwenye kioo kilicho juu ya ukuta, itoke tu eneo lao. Toronto walichagua ya tatu, tena na tena. Paki ikitoka hivyo inakuwa ya Florida katikati ya uwanja, nao wanairudisha pembeni palepale, dhidi ya watu walewale waliochoka.

Hapo kuna jambo ambalo nyinyi wa nyasi hamlijui. Zamu moja barafuni ni sekunde 40 hadi 50. Ikizidi hapo miguu inakufa. Ukiwa umebanwa na ukaipiga paki kutoka upande wako hadi ikavuka mstari wa lango la wapinzani bila mtu kuigusa, mchezo unarudishwa upande wako, na kanuni inakukataza kubadilisha wachezaji, huku wenzako wakileta watu wapya. Kipindi cha pili ni kibaya zaidi, kwa sababu timu hubadilisha lango na benchi lako linakuwa mbali na eneo unalolinda. Beki aliyechoka hawezi kukimbilia benchi bila kuacha pengo nyuma yake. Katika mechi ya saba, kipindi cha kwanza kiliisha 0-0. Cha pili Florida walifunga matatu. Max Domi akarudisha moja mwanzoni mwa kipindi cha tatu, uwanja mzima ukasimama, na kabla dakika moja haijaisha Eetu Luostarinen akafunga la nne. Watu wakazomea na jezi zikatupwa barafuni. Siwezi kuwalaumu.

Upande wa pili wa uwanja ni hadithi hiyohiyo. Florida walimwachia Matthews na wenzake nafasi ya pembeni, mbali na lango, na wakajaza miili katikati. Ukipiga kutoka huko shuti linagonga mguu wa mlinzi, au kipa Sergei Bobrovsky analiona tangu linaondoka kwenye gongo. Bao la mwezi Mei, wakati wa mchujo, hupatikana pale mbele ya kipa: mmoja anamziba macho, mwingine anaigusa paki ikiwa njiani, au anaisukuma ikitemwa. Matthew Knies, mabao 29 msimu huu, ni mmoja wa wachache wa Toronto wanaoishi eneo hilo kwa hiari. Matthews alifunga bao moja tu katika mechi zote saba.

Sasa utauliza kwa nini klabu yenye fedha zote hizo haina watu wa namna hiyo wa kutosha. Jibu liko kwenye mishahara. Ligi inaweka kikomo. Msimu huu kilikuwa dola milioni 88 kwa kikosi kizima. Matthews alihesabiwa milioni 13.25, Nylander 11.5, Tavares 11, Marner 10.9. Hao wanne peke yao ni zaidi ya milioni 46, yaani zaidi ya nusu ya kikomo. Waliobaki, makipa na mabeki wakiwemo, waligawana kilichosalia, na safu ya tatu na ya nne zikawa za watu wa bei ya chini. Florida walikuwa na Bennett kwa milioni 4.4 na Carter Verhaeghe kwa milioni 4.2. Safu yao ya tatu ilikuwa Anton Lundell, Luostarinen na Marchand, na kila mmoja kati ya hao watatu alifunga katika mechi ya saba. Nusu ya mabao yale sita yalitoka kwa watu ambao Toronto hawakuwa na wa kuwakabili.

Kuhusu Marchand nakuomba univumilie kidogo. Amekutana na Toronto katika mechi ya saba mwaka 2013, 2018, 2019, 2024, zote akiwa Boston, na sasa 2025 akiwa Florida. Zote tano ameshinda. Boston walimpeleka Florida tarehe 7 Machi, siku ileile Toronto walipomchukua beki Brandon Carlo kutoka Boston. Usiku ule wa mechi ya tatu wengi hapa walijua tunaelekea wapi paki ilipoingia.

Na hasira yangu kubwa haiko kwa wachezaji. Iko kwenye kalenda ya 2023. Mkataba wa Marner ulikuwa na kifungu cha kumzuia kuhamishwa bila ridhaa yake, nacho kilianza kufanya kazi 1 Julai 2023. Kabla ya siku hiyo klabu ingeweza kumbadilisha kwa beki mzito na washambuliaji wawili wa kukaba. Lakini Mei 2023 walimwondoa meneja mkuu Kyle Dubas, Brad Treliving akaajiriwa siku ya mwisho ya mwezi huohuo, akabaki na mwezi mmoja kuamua. Mwezi ukapita. Wiki iliyopita Marner ameondoka kwenda Vegas kwa mkataba wa miaka 8, milioni 12 kwa mwaka, na Toronto wamepata Nicolas Roy peke yake. Roy ni senta mkubwa, anafaa ukutani, nimefurahi kumpata. Lakini kumtoa mtu wa pointi 102, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, kwa senta wa safu ya tatu ni gharama ya kuchelewa miaka miwili.

Yaliyofanyika tangu hapo yana mantiki. Tavares amekubali kushuka hadi milioni 4.4 kwa miaka minne. Knies amepewa miaka sita kwa milioni 7.75. Kikomo kinapanda hadi milioni 95.5. Ninachohofia ni kwamba Marner ndiye aliyekuwa akivusha paki kwenye mstari wa buluu, ule wa kuingilia eneo la wapinzani, kwa gongo, bila kuitupa pembeni, na pia alikaba timu ikiwa pungufu kwa sababu ya adhabu. Kazi hizo mbili sioni mtu mmoja wa kuzibeba. Kocha Craig Berube atalazimika kuzigawa.

Ukipata nafasi, itafute mechi ya saba na uangalie kipindi cha pili tu. Usifuate paki. Mfuate winga wa kushoto wa Toronto kila paki inapokuwa nyuma ya lango lake, na uhesabu mara anazoipiga kwenye kioo. Kisha niandikie umehesabu ngapi. Ligi inarudi Oktoba; mechi nyingi za hapa huanza saa 1 jioni, ambayo kwenu ni saa 8 usiku, na kuanzia Novemba saa zikibadilishwa huku itakuwa saa 9.

Wasalimie vijana wa uwanja wa barafu wa Panari kama bado mnaonana.

Mwenzako wa Scarborough