Munganga, mama wa kanyanga umuulize vingine

Bwana Mhariri,

Mumeandika sana juu ya ulevi wa vijana na mimi nataka niongeze kidogo, juu hapa Bukavu mtu akizidisha pombe wanasema ni mlevi tu ao ana pepo, basi mambo yanaishia pale, lakini hata kwa munganga, daktari wa hospitali, naona kuna shida.

Kile kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili, DSM-5 cha 2013, kiko na alama 11 za mtu aliyeshikwa na kilevi, mtu akiwa na 2 ndani ya miezi 12 anahesabiwa mgonjwa, zikifika 6 ugonjwa ni mkali. Sawa. Alama moja inasema kilevi kinakushindisha kazi, ya ofisi, ya shule ao ya nyumbani. Sasa nenda Kadutu, hapa hapa Bukavu, umuulize mama anayepika kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kama pombe inamharibia kazi, atakucheka! Pombe ndiyo kazi yenyewe, ndiyo inalipa minerval, karo ya shule ya watoto, na kila akipika lazima aonje, mteja naye anamwambia onja kwanza mama tuone kama haina sumu, mpaka jioni ameonja glasi ngapi hata yeye hajui. Kwa alama ile hana kosa. Asubuhi mikono inatetemeka, jirani anasema malaria, mchungaji anasema amelogwa.

Halafu yale maswali 10 ya kupima ulevi ya OMS, Shirika la Afya Duniani, yanaitwa AUDIT, yanauliza siku ya kunywa unakunywa vinywaji vingapi. Kasiksi, pombe ya ndizi, ya matanga iko kwa mtungi mmoja unazunguka watu wote, nani anahesabu? Mzee akijibu "kimoja" hajadanganya. Na mwanamke unamuuliza bwana yake akiwa amekaa palepale, unategemea akubali?

Kijana yeye ni kinyume, anavuta bangi mara moja familia inamfungia chumba cha maombi, wakati kuvuta mara moja peke yake si ugonjwa kwa hizo alama 11.

Kinachonishangaza, kitabu kilekile kiko na maswali mengine 16 ya mambo ya utamaduni: shida yako wewe unaiitaje, familia yako wanasema imetoka wapi, umeshatafuta msaada kwa nani. Hayo ndiyo yangemfungua yule mama mdomo, tena akiulizwa peke yake.

Kama kuna munganga anasoma gazeti hili atujibie hapahapa: hayo 16 unayaulizaka, ao unahesabu tu zile chupa?

Msomaji wenu, Bukavu