Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Kenya: Bei ya Chicago siyo bei ya unga wetu

Mheshimiwa Waziri,

Hesabu ya mahindi ikionyesha upungufu, mjadala huhamia mara moja kwenye msamaha wa ushuru wa mahindi yanayoagizwa kutoka nje. Kabla ya notisi nyingine kutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, tunaomba modeli, yaani mfumo wa hesabu unaotoa idadi ya magunia ya kuagiza, irekebishwe.

Kasoro kubwa ni bei. Modeli za dunia, kama Aglink-Cosimo ya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi) na FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa), huyachukua mahindi yote kuwa bidhaa moja, na bei ya rejea ni ya mahindi ya manjano ya Marekani, ambayo mengi huishia kwa mifugo na kwenye ethanoli. Sisi tunakula meupe, na soko lake la dunia ni finyu. Mwaka 2017 tuliyafuata hadi Mexico, na bado ilibidi Serikali itoe ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 90. Kwa hiyo bei ya Chicago, soko la Marekani la mahindi hayo ya manjano, ikishuka kwa asilimia 10, modeli isiteremshe bei ya Eldoret kwa kiasi hicho hicho. Ianzie kwenye bei ya mahindi meupe, ambayo soko la SAFEX la Johannesburg huitaja peke yake. Kisha iongeze nauli ya meli, gharama za bandari, usafiri wa kutoka Mombasa, na ushuru wa asilimia 50 kwa shehena za nje ya EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika).

Halafu kuna unyevu. Mavuno yakikadiriwa punje zikiwa na asilimia 20, magunia 100 hayabaki 100 yakikaushwa hadi asilimia 13.5: ni 100 × 0.80 ÷ 0.865, yaani 92.5 hivi. Hapo fukusi, panya na kuvu hawajachukua fungu lao. Na gunia letu ni la kilo 90, ilhali majirani hutumia la kilo 100. Takwimu za Busia, mpakani na Uganda, zikiingizwa kwa magunia bila kugeuzwa kuwa tani, kosa linakaribia asilimia 10. Ni jambo dogo, lakini hupenya.

La mwisho ni kalenda. Modeli ya mwaka mzima haitofautishi meli ya Juni na ya Novemba, kwa sababu jumla ni ile ile. Mkulima wa Trans Nzoia huitofautisha: Juni ghala lake ni tupu, Novemba anavuna, na shehena isiyolipiwa ushuru ikifika wakati huo bei ya shambani huporomoka. Hesabu ifanywe mwezi kwa mwezi, ikianza na akiba iliyomo kwa wakulima, si ile ya maghala ya NCPB (bodi ya nafaka ya Serikali) na wasagaji pekee.

Tunaomba pia faili la hesabu hiyo, pamoja na makisio yake yote, lichapishwe siku 14 kabla notisi haijatiwa sahihi.

Wako,
Wataalamu wa uchumi wa kilimo