Somo, usiuze watoto wote

Toronto, 23 Novemba 2025

Somo yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, nikiwa kwenye basi na nilipofika nyumbani. Unataka Oilers wenu, timu ya hoki ya barafu ya Edmonton, wauze kila kinda waliye naye kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa mwezi Machi, maana nyota wenu McDavid ameongeza miaka 2 tu kwenye mkataba wake, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye. Nakuelewa. Aliyefika fainali 2024 na 2025 akarudi mikono mitupu mara zote mbili, tena mbele ya Florida ile ile, hana moyo wa kumngoja mtoto wa miaka 19 akomae. Ila kila kinda, somo? Hapo nakukatalia.

Nianzie kwetu. Mwaka 2021 Leafs wetu wa Toronto walitoa nafasi yao ya raundi ya kwanza (kila mwaka timu hupokezana kuchagua makinda wapya) ili wampate Nick Foligno kutoka Columbus, ilhali mkataba wake ulikuwa unaisha msimu ule ule. Akaumia. Akacheza mechi 4 za mtoano bila bao. Tulikuwa tunaongoza kwa mechi 3-1 dhidi ya Montreal, tukatolewa. Mechi ya saba niliitazama jikoni, nimesimama, chai imepoa mkononi. Kwa sababu ya korona uwanjani waliruhusiwa wahudumu wa afya 550 tu, na ule ukimya wa viti vitupu nausikia mpaka leo. Kiangazi kilipofika, Foligno akaenda Boston. Tukabaki bila mchezaji, bila kinda.

Sasa watazame Tampa Bay. Mwaka 2019 walishinda mechi 62 za ligi, kisha Columbus wakawatoa kwa mechi 4-0 raundi ya kwanza ya mtoano. Februari 2020 wakaingia sokoni, na bei waliyolipa ilikuwa kubwa kweli: kinda Nolan Foote na nafasi mbili za raundi ya kwanza, wakapata Blake Coleman na Barclay Goodrow. Hakuna nyota hapo. Ni watu wa kukaba, wa kugongana ukutani, mishahara midogo, na kila mmoja alikuwa amebakiza mwaka mzima zaidi kwenye mkataba wake. Kombe la Stanley, la ubingwa, la 2020 wakalichukua, la 2021 wakalichukua. Bei moja, makombe mawili.

Hicho ndicho ninachokililia. Unayemnunua atakaa nawe misimu mingapi? Wewe mwenyewe unalo jibu: Mattias Ekholm. Mwaka 2023 mlitoa Reid Schaefer na nafasi ya raundi ya kwanza, pamoja na Tyson Barrie, mkapata beki mwenye miaka kadhaa ya mkataba mbele yake. Sijawahi kukusikia ukiulizia habari za Schaefer.

Lakini mkataba peke yake hautoshi. Aprili 2013 Washington walimtoa Filip Forsberg, mtoto wa miaka 18, kwa Nashville, wakamchukua Martin Erat ambaye naye hakuwa wa msimu mmoja. Haukupita mwaka Erat akahamishwa tena. Forsberg leo ndiye mfungaji bora wa historia ya Nashville. Kwa hiyo inabidi ujue pia ni mtoto gani unayemtoa. Florida walimtoa kipa Spencer Knight kumpata Seth Jones, na walimudu kwa kuwa kipa wao mkuu Bobrovsky alikuwa golini. Walitoa walipojaa. (Najua utanitajia Marchand, aliyekuja Florida mkataba wake ukielekea ukingoni, akawafunga ninyi mabao 6 kwenye fainali. Sawa. Ila alikuja akiwa majeruhi, ndiyo maana bei yake ilianzia kwenye nafasi ya raundi ya pili. Bei ya namna hiyo hata mimi nalipa.)

Na kuna jambo ulilipita haraka. Kinda kwenye mkataba wake wa kwanza analipwa kidogo, na kikomo cha mishahara ya timu nzima hakimwonei mtu huruma. Mshambuliaji wenu Draisaitl peke yake anachukua dola milioni 14. Nani atajaza nafasi zilizobaki kama si vijana wa bei nafuu? Agosti 2024 St. Louis waliwachukua vijana wenu Broberg na Holloway kwa sababu hamkuweza kulingana na dau lao. Holloway akaenda kufunga mabao 26 msimu uliofuata. Nakumbuka ulivyonipigia simu usiku ule, sauti imekukauka. Hao walichukuliwa kwa nguvu. Leo unataka kuwatoa waliobaki kwa hiari yako?

Sikwambii mngoje. Kwa McDavid huyu, kungoja ni dhambi, na mmoja wa watoto wenu bora lazima aende. Naomba tu aende kwa mtu mmoja atakayekuwepo msimu huu na ujao, msiwagawe watatu kwa wageni wa miezi mitatu.

Nijibu kwa maandishi safari hii: ungemtoa nani, ungemleta nani, na mkataba wake umebakiza miaka mingapi? Nisalimie shemeji na watoto. Mdogo mwambie ile kofia aliyoniagiza nimeshaipata, naituma kesho.

Wako,
Somo