Zai, hiyo nafasi usiiachie

Zai shoga angu,

Salama huko? Sie wazima, mama anakusalimia sana, mvua zinatumaliza na umeme ndo usiseme, nakuandikia harakaharaka simu isije ikazima. Najua nimekaa kimya toka Idi, nisamehe, ya huku mengi ntakuhadithia tukionana. Ila jana Mama Abdul kanipigia, kaniambia umeitwa kwenye tamthilia halafu umekataa, eti wenzio kwenye bendi wamekucheka, mwimbaji na maigizo wapi na wapi. Zai! Usingizi wote umekata.

Unamkumbuka Cher, yule wa "Believe", ngoma yenye sauti kama ya roboti tuliyokuwa tunaiimba saluni kwa da Mwana mpaka wateja wanatuzomea? Kumbe yule mama ana Oscar ya uigizaji! Wiki hii nimemaliza bando lote kwa ajili yake na sijutii hata kidogo.

Kaanza mdogo, anaitikia tu nyuma ya waimbaji wengine studio, halafu mwaka 1965 yeye na Sonny, mwenzie wa kuimba, wakatoa "I Got You Babe", ikawa namba moja Marekani na Uingereza. Baadae wakapata shoo yao ya TV, vichekesho na magauni ya kumetameta, watu wakamzoea hivyo. Sasa mwenzio anataka kuigiza na hakuna wa kumpa kazi ya maana. Alikuwa anaimba Las Vegas, hela nzuri tu anapata, akaacha, akaenda New York akaingia kwenye mchezo wa jukwaani chini ya dairekta Robert Altman, mwaka 1982. Jukwaani shoga, ukikosea umekosea mbele za watu. Hukohuko dairekta Mike Nichols akamwona, akampa nafasi kwenye muvi ya Silkwood.

Hapa soma taratibu. Kwenye muvi ile ni dada anayefanya kazi kiwanda cha nyuklia, anakaa nyumba moja na Meryl Streep na Kurt Russell, nguo zimempwaya, mekapu hamna, yale magauni yote kayaacha nyumbani. Na Cher kasimulia mwenyewe alivyokwenda sinema kuona trela inavyopokelewa: yanatokea majina ya wenzie, watu kimya, linatokea jina lake, ukumbi wote kicheko. Na yeye kakaa humohumo anasikia! Basi muvi ikatoka 1983, wakamteua kugombea Oscar, na Golden Globe akaibeba. Sasa hao wa bendi wamekucheka hata kamera hujaiona, we ushakunja mkeka?

Ya Cannes, lile tamasha la muvi la Ufaransa, naipita haraka, 1985 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule. Oscar yenyewe kaichukua 1988 kwa muvi ya Moonstruck, ana miaka 41, kwa hiyo na hilo la eti umri umekwenda sitaki kulisikia tena. Humo ni mjane wa Brooklyn, anawaandikia watu hesabu zao, mvi zimeanza. Kuna pahala Nicolas Cage anamwambia anampenda. Cher anamwangalia, anamzaba kibao. Anamwangalia tena usoni kuona kama kimeingia, anamzaba cha pili. Nimeirudia ile klipu mpaka mdogo wangu kaninyang'anya simu. Kile kipande kidogo cha kimya katikati ya vibao viwili, Zai, ule ni uimbaji! Ni vilevile unavyofanya we, bendi inanyamaza, watu wote wanadhani unaingia, huingii, unawaacha kidogo, ndo unaingia na ubeti. Nani kakufundisha? Hakuna. Waigizaji wangapi hawana hiyo na wanakula hela kila wiki?

Halafu Mama Abdul anasema unaogopa na skripti, eti karatasi nyingi. Cher kusoma kunampa tabu toka utoto, ana disleksia, shule kaacha na miaka 16. Wewe nyimbo za kaka Side unazishika kwa kusikiliza mara mbili, maneno ya tamthilia yatakushinda nini.

Na anayekuambia ukiigiza utapoteza uimbaji muulize hiyo "Believe" imetoka lini. Imetoka 1998, miaka kumi baada ya Oscar, mama ana miaka 52, na ikawa namba moja. Ijumaa zako za bendi zipo palepale, hakuna anayekunyang'anya.

Hivi umewajibu kwa maandishi au umesema tu kwa simu? Maana kama ni simu bado unaweza ukawageukia leo. Nafasi yenyewe ni ya nani, mama mkwe au yule muuza samaki? Wanashuti wapi, na siku zinagongana na Ijumaa? Wanalipa kwa siku au mpaka iishe? Na aliyecheka wa kwanza ni nani, ni yule wa kinanda? Nikija Jumapili tupitie skripti wote, mimi niwe nasoma wewe unajibu, utakuwepo au mnapiga harusini? Lile gauni la kijani usiende nalo, vaa khanga zako. Ila wapigie kwanza Zai, kabla hujanijibu mimi.

Wako,
Mwanahawa