Doha wamesaini, mama yangu bado anavuka mpaka kufuata pesa

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya kusaini amani Doha, Qatar, ile mliyoiwekea picha kubwa ya watu wanapeana mikono, imenichefua. Nasoma gazeti lenu miaka tisa na sijawahi kuwaandikia. Eti amani imerudi Kivu, mashariki mwa Kongo. Imerudi wapi?

Mimi mzaliwa wa Goma, naishi Nairobi. Qatar siwadharau kabisa, kanchi kadogo ambako Kivu Kaskazini peke yake inakashinda mara tano kwa ukubwa, lakini Machi 2025 wakawakalisha marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda chumba kimoja, kitu ambacho wapatanishi wa Nairobi na Luanda walihangaika nacho miaka. Hiyo nawapa. Shida ni baada ya kusaini. Julai 19 serikali ya Kongo na waasi wa M23 wakasaini tamko, wakaahidi mkataba kamili ifikapo Agosti 18, Agosti ikapita. Novemba 15 wakasaini tena, itifaki nane, yaani vipande vya mkataba, zilizokuwa tayari ni mbili tu, ya wafungwa na ya kufuatilia usitishaji vita. Hata mwezi mmoja haujapita mji wa Uvira ukaanguka mikononi mwa M23, na nyie picha ni ile ile ya mikono!

Sasa sikia. Wiki ile ile ya Novemba mama alikuwa anahitaji dawa ya presha, nikamtumia dola mia. Benki yake ilifungwa tangu Januari Goma ilipochukuliwa na M23, kwa hiyo mama wa miaka 71 akatoka asubuhi kwa miguu, akapanga foleni kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, akavuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kuchukua hela, akarudi jioni magoti yamevimba, na kesho yake mwenye duka la dawa akaikataa ile noti kwa sababu pembeni imechanika kidogo, kidogo kama ukucha! Akaenda kwa mbadilisha pesa akakatwa dola kumi na tano. Uwanja wa ndege wa Goma nao umefungwa tangu Januari hiyo hiyo, mgonjwa hapelekwi Kinshasa, maiti haziletwi nyumbani kuzikwa.

Ombi langu kwa Qatar ni hili. Walete mtu wao mmoja Goma, akae Birere karibu na soko, awe na daftari. Kila Ijumaa aandike benki ngapi zimefunguliwa, ndege imetua au haijatua, foleni ya mpakani imefika wapi. Daftari hilo lisomwe Doha kabla mtu yeyote hajapewa kalamu. Na nyie mlichapishe, ukurasa ule ule wa picha.

Msomaji wenu, Kawangware